Basoda Katika Damu ya Gentil

Katika avenue ile ya Nyalukemba, chini kabisa, mahali ambapo nyumba zinakaribia ziwa na mashimo ya wafyatua matofali hujaa maji tangu Septemba hadi Mei, hakuna mtu aliyelala nje ya chandarua. Ndivyo walivyomjibu Eulalie. Alipita nyumba arobaini na moja kwa siku sita, fomu zake zikiwa ndani ya mfuko wa plastiki kwa sababu ya mvua. Swali la kumi na mbili liliuliza kama usiku uliotangulia kila mtu wa nyumba hiyo alilala ndani ya chandarua, na nyumba arobaini na moja zikasema ndiyo. Nyingine zilisema kabla hajamaliza kuuliza. Katika nyumba moja chandarua chenyewe kilionekana dirishani, kimezungushwa kwenye miche ya kabichi ili kuku wasiidonoe.

Eulalie hakuwalaumu. Alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa sayansi za tiba, na Josué, mhamasishaji wa afya wa avenue hiyo, alikuwa amemweleza jambo ambalo vitabu havikulitaja. Watu waliamini kwamba anayejibu hapana ataondolewa kwenye orodha siku vyandarua vipya vitakapogawiwa. Kwa hiyo wote walijibu ndiyo, kwa adabu, wakimtazama usoni.

Ndiyo sababu utafiti wa Profesa Zagabe haukutegemea maneno. Ulitegemea damu. Mbu anapomuuma mtu, hutema kwanza mate kidogo chini ya ngozi ili damu isigande. Mwili huyatambua mate hayo kuwa kitu kigeni, nao huunda kingamwili dhidi yake. Anayeumwa mara nyingi huwa nazo nyingi, anayeumwa mara chache huwa nazo chache, na mbu wakiacha kumuuma kwa miezi kadhaa hupungua zenyewe. Kingamwili hizo hazizuii malaria. Hazijui hata kwamba malaria ipo. Ni kumbukumbu tu ya kuumwa, na penye kumbukumbu nyingi ndipo ugonjwa unapokaribia. Eulalie aliweza kuyaeleza hayo yote bila kufungua daftari, na baadaye hilo ndilo lililomuuma zaidi, kwamba hakukosea kwa kutojua.

Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi. Alichoma ncha ya kidole, akadondosha matone mawili kwenye karatasi nene, akayaacha yasambae hadi yakajaza duara lililochapwa. Jioni karatasi zilianikwa katika chumba cha parokia kwa vibanio vya nguo, kisha zikatiwa kwenye bahasha na kupelekwa maabara. Watoto wengi walilia. Gentil, mwenye miaka minne, hakulia. Alilitazama tone lake likisambaa, kisha akatoa kidole cha pili bila kuombwa. Mama yake alicheka, akamwambia Eulalie kwamba mtoto huyu alimrithi baba yake, Gaston, ambaye alikuwa akichimba dhahabu Kamituga na kurudi nyumbani mara mbili kwa mwaka. Yeye mwenyewe, ambaye avenue nzima ilimwita Maman Gentil, aliuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, na uani kwake palikuwa na sinia pana ambalo halikuwa tupu kamwe. Kwa swali la kumi na mbili alijibu ndiyo kama wenzake.

Profesa Zagabe alikuwa ameweka kanuni tangu mkutano wa kwanza. Matokeo ya mtu mmoja mmoja hayapelekwi uani kwa mdomo. Yatarudishwa baada ya timu kukubaliana maneno, mbele ya muuguzi, kwa kila mwenyewe peke yake. Eulalie aliisikia kanuni hiyo, na moyoni aliiona kuwa kiburi cha wasomi. Alizaliwa Bukavu. Tangu utotoni alikuwa ameona magari yenye nembo mlangoni yakisimama mtaani kwao, watu wakishuka na fomu, wakiuliza idadi ya sufuria na idadi ya waliokufa, kisha wakipanda na kutoonekana tena. Alikuwa ameapa kutofanana nao. Aliyetoa damu yake, alisema, ana haki ya kujibiwa, tena mapema.

Namba ziliporudi kutoka maabara katikati ya Novemba, alinakili za avenue ile kwenye karatasi, na Jumamosi akateremka peke yake.

Walikutana uani kwa Maman Gentil kwa sababu ndipo palipokuwa pana. Wanawake walikuja na viti vyao na watoto wao. Maman Zabibu, mwanamke Mwislamu mwenye jamaa Uvira, ambaye aliuza vitenge na ambaye ulimi wake uliogopwa kuanzia barabarani hadi ziwani, aliketi mbele kabisa ili asipitwe na neno. Eulalie alisoma jina na namba, akieleza kwa kifupi kama ilikuwa ndogo au ya wastani. Watu walifurahi kusomewa. Hakuna aliyewahi kuwarudia na karatasi yenye majina yao, na walimwambia hivyo, naye akahisi uso wake ukipata joto.

Kisha akalifikia jina la Gentil. Namba yake ilikuwa zaidi ya mara nne ya ile ya mtu mzima yeyote wa avenue ile. Eulalie akairudia kwa macho kabla ya kuisoma, na Maman Gentil akaona. Mkono wake, uliokuwa ukichagua sambaza, ulisimama juu ya sinia.

"Damu ya mutoto wangu iko na nini?"

Jibu lilikuwa na sehemu mbili, na Eulalie alikuwa nazo zote mbili. Ya kwanza ilikuwa ile ya darasani, ambayo kila mwalimu wa biolojia huitumia: mwili una basoda wake, yaani askari, ambao huinuka kila mbu anapouma. Ya pili ilikuwa hii: basoda wakiwa wengi hivi, ni kwamba mtoto huyu anaumwa na mbu kila usiku kuliko mtu yeyote hapa, kwa hiyo ndiye aliye hatarini kuliko wote, na ndani ya nyumba hii halali ndani ya chandarua. Kusema sehemu ya pili kulikuwa sawa na kumwita Maman Gentil mwongo mbele ya majirani zake, juu ya benchi lake mwenyewe, uani kwake.

"Usiogope, maman," Eulalie akasema. "Ile ni basoda ya mwili. Mbu akiuma, mwili inatuma basoda. Gentil iko nabo mingi kupita batu yote ya hapa."

Maman Zabibu akapiga goti lake kwa kofi.

"Kumbe njo maana anapigaka batoto yangu," akasema. "Sisi wengine tuko na ba-sentinelle mbili tatu, yeye iko na bataillon nzima."

Ua wote ukacheka. Mmoja akauliza kama mtu anaweza kuazimwa basoda kumi hadi mwisho wa mvua. Mwingine akamtaka Gentil apige saluti, naye akapiga, kwa mkono wa kushoto, na kuanzia siku hiyo akaitwa Komanda. Maman Gentil alikuwa na uso wa mtu aliyetuliwa mzigo. Alimfungia Eulalie sambaza kwenye jani la mgomba, nyingi kuliko mtu mmoja anavyoweza kula kwa juma.

Eulalie aliinua kidole ili aendelee. Hakuna aliyekiona. Akakishusha. Alijiambia kwamba atarudi Jumatatu, amkute Maman Gentil peke yake, amweleze taratibu. Jumatatu kulikuwa na mtihani. Jumatano mvua ilikata njia ya kuteremkia. Juma lililofuata akaanza kuona kwamba itakuwa ajabu kurudi mbio kwa ajili ya kumwondolea mtu furaha, na kwamba muuguzi angefika tu Januari na maneno yaliyopangwa vizuri. Huko ng'ambo ya pili ya mji, chumbani kwake, alipika zile sambaza na nyanya, akazila siku tatu, na zilikuwa tamu.

Josué alimpigia simu mnamo wiki ya pili ya Desemba, saa nne asubuhi, Eulalie akiwa maktaba. Josué hakuwa mtu wa kuzunguka.

"Mademoiselle, Komanda iko mu coma tangu jana," akasema. "Mama yake anakuuliza."

Mengine alimsimulia njiani, walipokuwa wakipanda kwenda hospitali, na aliyasimulia bila kumtazama. Lucie, dada yake Gaston, alikuwa amejifungua mapacha huko Walungu. Maman Gentil alikwenda kumwona mzazi jinsi ipasavyo, na unga wa mtama na kuku, na juu yake akaongeza chandarua cha nyumbani kwake, kipya kabisa, bado kikiwa na mikunjo ya kiwandani. Alikuwa akikitunza ndani ya sanduku tangu alipogawiwa, kwa maana hakupenda kitu kizuri kichakae. Baada ya ile Jumamosi hakuona tena haja ya kukitunza. Wale wa Walungu, aliwaambia watu, ni wachanga, bado hawana basoda. Wa kwangu anao wa kutosha.

Kisha Gentil akapata homa. Kituo cha afya kilikuwa umbali wa kutupa jiwe. Siku ya kwanza Maman Zabibu alimhimiza mwenzake ampeleke mtoto apimwe, lakini Maman Gentil alimjibu kwamba homa hiyo ni vita, kwamba basoda wanapigana, na kwamba kumpa dawa sasa ni kuwaingilia kazini. Siku ya pili alimkanda kwa maji. Siku ya tatu mtoto alikakamaa mwili mzima, macho yakageuka. Maman Zabibu ndiye aliyembeba hadi kwenye pikipiki.

Eulalie alitaka kumwuliza Josué kama alijua maneno ya basoda yalitoka kwa nani. Hakuuliza. Josué mwenyewe alikuwapo siku ile, amesimama mlangoni, amecheka na wengine.

Gentil alilala katika kitanda cha pili kutoka dirishani, mdogo kuliko Eulalie alivyomkumbuka, viganja vyake vikiwa vyeupe kama karatasi. Mfuko wa pili wa damu ulikuwa ukishuka tone kwa tone. Maman Gentil alipomwona Eulalie aliinuka, akamshika mikono yote miwili, na uso wake ukafunguka kwa namna ambayo Eulalie hakuwa ameitegemea.

"Umefika," akasema. "Niliwaambia ba-docteur habari ya basoda, banacheka tu. Weye banaweza kukusikia. Wambie mutoto iko na basoda mingi, babasaidie basoda, basiweke tu mayi na mayi."

Mgonjwa mwenzao wa kitanda cha jirani aligeuka kusikiliza. Eulalie alifungua kinywa, na kwa mara ya pili katika maisha yake aliiona njia nyepesi ikiwa wazi mbele yake: kukubali kwa kichwa, kwenda hadi mwisho wa ukumbi kana kwamba anazungumza na daktari, kurudi. Akamwomba Maman Gentil watoke nje kidogo.

Nyuma ya wodi kulikuwa na ua ambamo jamaa za wagonjwa walipikia. Maman Gentil alikuwa ameacha uji motoni kwa matumaini kwamba mtoto angeamka na njaa. Alichuchumaa, akakoroga. Eulalie alichuchumaa kando yake, kwenye moshi.

"Maman, basoda wale habapigani na malaria," akasema.

"Banapigana na nini?"

"Na mate ya mbu. Ni ile tu. Kuwa nabo mingi ni alama mbu inamuuma sana. Yeye njo alikuwa mu hatari kupita batu yote."

Mwiko ukaendelea kuzunguka ndani ya sufuria, mara tatu, mara nne.

"Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Siku ile, pale kwangu?"

"Siku ile."

Maman Gentil akaiepua sufuria motoni, akaiweka chini juu ya jiwe. Aliuliza swali lake la mwisho bila kupandisha sauti, kama mtu anayeuliza bei ya kitu ambacho hana nia ya kukinunua.

"Sasa juu ya nini haukusema?"

Eulalie akamwambia. Kwamba alijibiwa kuwa wanalala ndani ya chandarua. Kwamba aliona haya kumwumbua mbele ya wenzake.

"Haya yangu ao haya yako?"

Eulalie akachomoa kijinga cha kuni motoni, akakizima mchangani.

"Ungeniita muongo mbele yabo," Maman Gentil akasema, "ningekukasirikia siku moja. Mbili, kama ni sana." Akafunika sufuria, akaishika kwa pindo la kitenge, akaingia nayo wodini. Mlango wa wavu ulijifunga nyuma yake wenyewe.

Gentil alifumbua macho siku ya tano. Eulalie aliambiwa hivyo na Josué; yeye hakuthubutu kurudi. Asubuhi iliyofuata alikwenda ofisini kwa Profesa Zagabe, akamweleza yote akiwa amesimama, tangu kunakili namba hadi sufuria ya uji. Profesa alimsikiliza hadi mwisho. Alikuwa mtu mzima mwenye sauti ndogo, ambaye wanafunzi walimwogopa kwa sababu hakuwahi kugomba.

Aliuliza kwanza hali ya mtoto. Kisha akauliza kama ni kweli aliwaambia watu wa Bukavu, mji uliopitiwa na majeshi mara nyingi, kwamba mahali palipojaa askari ndipo penye usalama, na kama kweli walimwamini, na Eulalie akaitikia. Profesa akavua miwani yake, akaiweka mezani.

"Kanuni ile haikuwa ya kuficha," akasema. "Ilikuwa ya kukupa wewe muda wa kutafuta maneno. Nami sikukueleza hivyo. Nilikupa kanuni, sikukupa sababu."

Hakumfukuza. Aliiondoa avenue ile katika awamu ya pili ya utafiti, kwa kuwa watu walikuwa wamebadili mienendo yao kwa kusikia namba zao, na damu yao isingeweza tena kulinganishwa na ya wengine. Alimtaka Eulalie aandike sababu hiyo katika mémoire yake, yaani tasnifu yake, kwa mkono wake, waziwazi. Eulalie aliiandika mara nyingi. Kila mara sentensi ilitoka ikiwa na maneno kama "mawasiliano" na "tafsiri isiyo sahihi", maneno ambayo ndani yake hamkuwa na mtu, na kila mara aliifuta. Mwishoni aliandika kwamba mtafiti alijua maana ya namba na aliwapa watu nusu yake. Akaiacha hivyo.

Baada ya Noeli alipita tena nyumba zile arobaini na moja, Josué akiwa pamoja naye. Safari hii hakuwa na fomu. Alianza na sehemu ya pili, ile mbaya, na mara nyingi hakufika kwenye ya kwanza. Mzee mmoja alimshukuru. Nyumba mbili hazikufungua, ingawa redio ilisikika ndani. Mahali fulani mtu alimwuliza nyuma ya pazia kama basoda wameshatoroka, na wengine wakacheka, naye akasimama hadi walipomaliza kucheka, kisha akarudia alichokuja kusema. Maman Zabibu alimsikiliza bila mzaha hata mmoja, jambo ambalo lilimtisha Eulalie kuliko kejeli. Alipomaliza, mama huyo aliingia ndani, akapanda juu ya kitanda na viatu vyake, akaanza kugongelea misumari ya chandarua huku wao wakiwa bado mlangoni.

Nyumba ya Maman Gentil aliiacha ya mwisho, kisha akaiahirisha kwa siku nzima, kisha akaenda.

Maman Gentil alikuwa uani na sinia lake. Alimkaribisha kwa kumsogezea kigoda kwa mguu, na hilo lilikuwa zaidi ya alichostahili. Kupitia mlango uliokuwa wazi Eulalie aliona chandarua kimening'inizwa, si kipya, kimeshonwa pembeni kwa uzi wa rangi nyingine. Hawakukizungumzia. Maman Gentil alisema kwamba sambaza zimekuwa ghali. Eulalie alikubali kwamba zimekuwa ghali.

Gentil alikuwa karibu na ukuta, amewapa mgongo, akipanga vifuniko vya chupa katika mstari mrefu. Alikuwa amepata nyama tena mashavuni. Hata kwa nyuma ilionekana. Eulalie akamwita kwa jina. Mtoto akaongeza kifuniko kingine kwenye mstari. Akamwita tena, kwa sauti kubwa zaidi. Kuku akakimbia. Mtoto hakugeuka.

"Masikio ilibakia kule ku hospitali," Maman Gentil akasema. Vidole vyake havikuacha kuchagua samaki. "Docteur anasema pengine itarudia, pengine hapana. Usimwite vile ku mugongo yake. Pita mbele, akuone."

Eulalie akainuka, akauzunguka ule mstari wa vifuniko bila kuugusa, akachuchumaa kati ya mtoto na ukuta. Gentil akainua uso. Akamtazama kwanza machoni, halafu macho yake yakashuka, yakatulia kwenye midomo yake, na hapo yakakaa, yakisubiri aseme.